Nataka kujifunza kushona na kurekebisha nguo za watoto mwenyewe, nianzie wapi?

Baba_Wawili:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa hili maana limenifika shingoni.

Naishi Mbagala na watoto wawili, wa kiume yuko darasa la tatu, wa kike la kwanza. Mama yao yupo masomoni Dodoma mpaka mwakani, kwa hiyo nyumba nimeishika mimi, kupika nimezoea, kufua nimezoea, kilichonishinda ni nguo. Yaani haipiti wiki bila kitu kuchanika. Kaptula ya kijana inaachia nyuma, vifungo vya shati anatoka navyo sita anarudi na vinne, sketi ya binti pindo limeshuka upande mmoja linaning'inia, begi nalo zipu inafunga halafu inajiachia yenyewe. Kwa fundi napeleka Jumamosi asubuhi naambiwa njoo jioni, jioni naambiwa njoo kesho, Jumatatu inafika mtoto anaenda shule na kaptula ile ile nimeibana kwa pini. Wiki iliyopita pini ilifunguka ikamchoma akiwa darasani, akakaa kimya hakumwambia mwalimu wala mimi, mpaka usiku namuogesha ndio naona alama. Iliniuma sana, sitaki irudi tena.

Humu ndani kuna cherehani ya mama mkwe, ile Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, imefunikwa kitambaa tangu alivyorudi kijijini, na mwenyewe aliniambia itumie tu mwanangu. Sijawahi kuigusa. Mkanda naona umelegea na nikizungusha gurudumu linagoma kidogo.

Sasa nauliza, nianze na cherehani au na sindano ya mkono? Ninunue vitu gani kwanza? Na kuna mtu humu alijifunza ukubwani akaweza? Muda wangu ni saa tatu usiku watoto wakishalala.


dada_Tandika:

Pole kaka na hongera kwa kulea. Anza na sindano ya mkono, cherehani iache kwanza hapo ilipo. Hivyo vyote ulivyotaja vinatengenezeka kwa mkono vikawa imara, mimi nilijifunza nina miaka 31 baada ya kujifungua kwa hiyo usiwaze umri.

Vitu vya kununua ni vichache, pakiti ya sindano za saizi tofauti, uzi mweupe, mweusi na ule wa rangi ya sare zao, pini za kichwa, mkasi ambao hautakatia karatasi wala vifungashio maana utakufa makali, na futi ya fundi ya kupimia. Uzi uujaribu palepale dukani, shika kipande vuta kwa nguvu, ukikatika kirahisi uache, uzi mbovu ndio unaofanya ushone leo na kesho ushone tena. Chaki huna haja, kipande cha sabuni kilichokauka kinachora vizuri kwenye nguo nyeusi au bluu na kikifuliwa kinatoka.

Halafu kabla hujashona chochote geuza nguo ndani nje uangalie, je mshono umefumuka au kitambaa chenyewe ndio kimechanika? Hapa ndio watu wengi wanakosea. Kama ni mshono tu umefumuka na kitambaa kizima hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ikiwa kitambaa kimechanika ukavuta zile pande mbili ukaziunganisha kwa uzi, umeipunguza nguo hapohapo inapobana, mtoto akiinama inapasuka pembeni ya ulipoponya. Hiyo inataka kiraka.

Kwa mshono uliofumuka, uzi ukate urefu wa kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko na kidogo zaidi, ukiweka mrefu sana unajisokota. Piga fundo. Anza kushona kama upana wa vidole viwili kabla ya pale ulipofumuka na umalize vidole viwili baada yake, usianzie palepale kwenye tundu. Na ushone kwa kurudi nyuma, maana yake sindano inatokea mbele, inarudi nyuma kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia, halafu inatokea tena mbele. Ukiangalia juu inaonekana kama ya cherehani. Ule wa kwenda mbele tu, ingia toka ingia toka, huo ni bandi, ni wa kushikizia kwa muda, kaptula ya mtoto wa kiume haiwezi kukaa nao hata siku moja.

Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha zamani, shona mstari mmoja mrefu, fumua, shona tena. Siku mbili tatu mkono unazoea.


mkaaji_wa_huku:

Kaka usijitese, tafuta binti wa jirani mpe buku mbili akushonee kila Jumapili. Mwanaume na sindano wapi na wapi


FundiKaki:

Mkaaji wa huku samahani lakini hapo nakupinga. Mimi ni mwanaume na nina miaka 19 kwenye cherehani, baba yangu alikuwa fundi, aliyenifundisha alikuwa mwanaume, pita barazani Kariakoo au mji wowote wa pwani uhesabu wanaokaa nyuma ya cherehani ni akina nani. Huyu ndugu anataka mtoto wake aende shule nguo ikiwa nzima, tumsaidie.

Baba Wawili, nianze kwa kukuomba radhi kwa niaba ya wenzangu kwa hiyo njoo kesho, na nikueleze inatokana na nini ili uelewe. Kaptula yako moja ya kaki ikija, mimi niko kwenye gauni la kitenge lenye uzi mwekundu. Kukushonea lazima nitoe uzi juu, nitoe bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, niweke wa kaki, nishone dakika tatu, halafu nirudishe vyote. Kwa hiyo fundi anazirundika za kaki zikae pamoja, na yako inasubiri hapo. Si sawa kwa mtoto anayeenda shule lakini ndivyo kazi inavyokwenda. Vifungo, pindo na mishono iliyofumuka fanya nyumbani, sisi tuletee za kupima na kukata na zile za kubadilisha zipu ya suruali.

Na kwenye kaptula nikuambie kwanini inaachia kila mara palepale. Nyingi za sare za tayari zimeshonwa na akiba ndogo sana, yaani kile kitambaa kinachobaki ndani baada ya mshono, ili kitambaa kitoshe kaptula nyingi zaidi. Mtoto akichuchumaa mzigo wote uko kwenye mshono wa nyuma na pale chini panapokutana mishono minne. Siku nyingine ukinunua, geuza ndani uangalie kabla hujauliza bei. Akiba iwe angalau nusu inchi, pawe na ovaloki, ule uzi unaozungushiwa ukingo wa kitambaa usichambuke, na ule mshono wa nyuma uwe umepigwa mara mbili. Ukikuta umepigwa mara moja nunua, nenda nyumbani piga wa pili juu yake kabla hajaivaa hata mara moja. Hiyo peke yake itakuokoa miezi.

Kwa pale palipochanika kitambaa chenyewe, kiraka kiwekwe kwa ndani. Kaki inayofanana hutaipata dukani kirahisi kwa sababu yake imeshapauka, basi ichukue humohumo kwenye nguo. Fumua mfuko wa nyuma kama upo, ukate kitambaa cha chini yake, pale uweke kipande kingine chochote halafu urudishie mfuko juu, au toa kwenye pindo kama liko pana, au kaptula aliyoivaa mwaka jana. Kata kiraka kikubwa kuliko tundu kila upande kwa upana wa kidole gumba, kona zake uzikate ziwe za mviringo maana kona kali ndio inayoanza kubanduka. Angalia nyuzi za kitambaa zinakwenda wapi, za kiraka ziende upande huohuo wa nguo, ukikiweka mshazari kitajivuta na kuleta makunyanzi. Shikiza kwa bandi kwanza, halafu shona kuzunguka pembeni, halafu geuza nguo ushone na kingo za tundu zenyewe zilale juu ya kiraka.

Pasi. Usisahau pasi hata iwe ya mkaa. Piga pasi kabla ya kushona na baada ya kushona. Mshono uliopigwa pasi na ambao haujapigwa utafikiri wameshona watu wawili tofauti.

Cherehani nitakuandikia kesho, sasa hivi nafunga.


Baba_Wawili:

Asanteni sana sana, dada Tandika na fundi. Jana usiku nimekaa na shuka la zamani nimeshona mistari nane ya kurudi nyuma, wa kwanza umekwenda kama njia ya mchwa ila wa nane umenyooka. Swali, vifungo nimeshona vitatu, viko imara lakini vimebana mno, shati likifungwa kitambaa kinajikunja pale kwenye kifungo. Nimekosea wapi?


bi_Mkunazini:

Assalaam alaykum. Mwanangu hukukosea, umekivuta tu mpaka kikagusa kitambaa. Kifungo kinataka shingo. Chukua njiti ya kiberiti, ilaze juu ya kifungo baina ya matundu, ushone kupitia juu ya hiyo njiti mara nne au tano kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Ukishamaliza ichomoe njiti, kinyanyue kifungo juu, utaona nyuzi zimelegea chini yake. Sasa uzungushe uzi chini ya kifungo mara tatu nne kama unafunga mdomo wa kipolo, kisha tia sindano upande wa ndani upige fundo. Hapo kimepata shingo, na upande wa pili wa shati una pa kukaa. Kama kitambaa kimeshachoka pale mahali, tia kijiraka kidogo kwa ndani ushone vyote pamoja, maana mara nyingi si uzi ulokatika, ni kitambaa kilotoboka.

Mimi nimekulia kwenye sindano, sisi Unguja tulikuwa tunashona kofia za mkono, kofia moja inakuchukua wiki na wiki, nyengine miezi, kijitundu kimoja kimoja unakizungushia uzi. Bibi yangu alikuwa akinifumulia. Nikishona ananambia lete, anatazama, anafumua yote mbele yangu, ananrejeshea. Nikilia ananambia uzi upo mwengine. Khasa alichonifunza ni mkono usivute. Sindano ipite, uzi uje, ukifika uache ulale. Ukivuta kitambaa kinakunjana, ndo hiyo unayoiona kwenye shati la mtoto.

Na ununue kastabini, kile kikofia cha kidole cha kusukumia sindano, uvae kwenye kidole cha kati, kaki ni nzito, bila kastabini kidole chako kitatoboka usiku wa kwanza na hutoshona usiku wa pili. Ukae penye taa, iwe inakuja kwa upande wa mkono usioshonea, usijifunikie kivuli mwenyewe.

Sketi ya mtoto usiikate. Lile pindo lililoshuka lifumue lote ulipime upya. Mtoto wa skuli anakua, pindo liache pana, inchi mbili hata tatu, mwaka ujao unaliachia linashuka. Mstari wa zamani ukibaki unaonekana, chovya kitambaa kwenye siki iliyochanganywa na maji, uupanguse halafu upige pasi, unapungua sana. Ujaribu kwanza kwa ndani kama rangi haitoki.


kongowea_boy:

Niko Mombasa, mimi nauza nguo za mtumba pale Kongowea na zipu ndizo zimenifunza kazi. Bro hiyo zipu ya begi usiitoe. Ikifunga halafu inafunguka nyuma yake, meno hayana shida, ni kichwa cha zipu kimepanuka. Kipeleke mpaka mwisho kule inakoanzia, chukua koleo, kibane taratibu upande wa kushoto kidogo, upande wa kulia kidogo, ujaribu, ubane tena kidogo. Ukibana kwa pupa mara moja kinavunjika, hapo sasa utanunua kipya. Ikiwa inakwama tu, pitisha mshumaa au ncha ya penseli kwenye meno, endesha juu chini mara kadhaa. Na kama jino moja limetoka karibu na chini, shona kwa uzi mnene pale juu ya lile jino, kichwa kisifike tena huko, begi litafunguka padogo kidogo lakini linadunda mwaka mzima.


FundiKaki:

Haya, cherehani. Ndugu yangu hiyo Butterfly ni mashine nzuri sana, ya chuma, mama mkwe wako amekupa kitu. Inagoma kwa sababu mafuta ya zamani yameganda. Nunua mafuta ya cherehani, yale mepesi ya kwenye kichupa, USITIE mafuta ya kula, nimefungua mashine nyingi zimeuawa na mafuta ya alizeti yanageuka gundi. Tia tone mojamoja kwenye kila kitundu unachokiona juu na kila chuma kinachosugua chuma kingine, ilaze kichwa nyuma utie na chini, zungusha taratibu, iache ilale usiku, kesho yake futa. Toa na vumbi chini ya kile kibati cha sindano kwa brashi, utakuta linatoka kama pamba.

Mkanda uliolegea, ni wa ngozi, una kipini cha waya kinachounganisha. Toa kipini, kata kipande kama nusu inchi tu, toboa tundu jipya, unganisha tena. Usikate kingi, ukibana sana miguu itachoka na mashine itakuwa nzito.

Sasa kujifunza. Siku ya kwanza usitie uzi kabisa. Chukua karatasi ya daftari la mistari, iweke chini ya sindano, kanyaga ufuate mstari. Gurudumu la mkono lazima lianze kuja upande wako, likianza kurudi nyuma uzi utakatika kila mara, ndio maana unaanza na karatasi ili miguu ijue. Ukiweza kufuata mstari mzima bila kutoka, chora mviringo ufuate. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili kabla sijapewa kitambaa. Hiyo sindano uliyotumia kwenye karatasi imeshakuwa butu, weka nyingine. Namba 14 kwa shati na kitenge, 16 kwa kaki.

Ukianza na uzi, mguu unaokandamiza kitambaa uwe umenyanyuliwa wakati unapitisha uzi wa juu, ndio uingie vizuri kati ya zile sahani za tensheni, zinazoubana uzi. Kwenye sindano uzi unaingilia upande wenye mfereji mrefu. Ukiona uzi umejazana kama kiota chini ya kitambaa, usihangaike na bobini, karibu kila mara kosa liko juu, toa uzi wote upitishe upya. Wanafunzi wangu wote wanafungua bobini kwanza, wote.

Na watoto wasiikaribie ukiwa hupo, vua mkanda kila ukimaliza.

Ukinogewa, VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha ushonaji, ulizia kozi fupi za pale karibu nawe. Lakini kwa hayo unayotaka sasa, hayo niliyokuandikia yanatosha.


mzee_Kibosho:

Vijana nimewasoma nimefurahi. Mwaka 1983 nilikuwa sekondari, vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini madukani hakuna kitu, kitambaa ukipata ni kwa foleni duka la ushirika na mara nyingi unakuta kimekwisha. Nilikuwa na suruali moja ya shule. Moja. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeifanya ikafika mwisho wa mwaka, Mungu amrehemu. Ilipotoboka tundu dogo la msumari pajani hakuweka kiraka, alifumua pindo kwa ndani akachomoa nyuzi za kitambaa chenyewe, mojamoja, akazifuma juu ya lile tundu, kwanza zote za kwenda chini, halafu akapitisha za kukatiza, juu ya mmoja chini ya mmoja, kama anasuka mkeka. Rangi ni ileile kwa sababu uzi ni uleule. Mpaka uguse kwa kidole ndio ujue. Soksi alikuwa anazivalisha kwenye balbu ya taa iliyoungua ili ipate umbo, anafuma hivyohivyo.

Baba Wawili, hiyo njia ni ya tundu dogo tu, na kitambaa kisiwe chembamba. Inachukua saa nzima. Ila sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho kwa nguo ya mtoto ambaye wenzake wanamcheka kwa viraka.


Baba_Wawili:

Shikamoo mzee, asante sana kwa hilo la nyuzi, nimelisoma mara tatu. Shikamoo na bi Mkunazini, kastabini nimeipata Kariakoo, kweli bila hiyo nilikuwa nimeshachomwa vya kutosha.

Wiki mbili zimepita naleta majibu. Kaptula nimeweka kiraka kwa ndani, kitambaa nimekitoa chini ya mfuko wa nyuma kama fundi alivyosema, mshono wa nyuma nimeupiga mara mbili kwa mkono. Amevaa Jumatatu mpaka Ijumaa, kacheza mpira nayo, imerudi nzima. Vifungo vina shingo. Begi nilibana kichwa kwa koleo, la kongowea boy limefanya kazi mara ya pili kujaribu. Sketi ndio imenipa shida, pindo nililishona upande mmoja likawa chini kuliko mwingine, nikafumua usiku uleule nikapima kutoka kiunoni badala ya kutoka chini, sasa limekaa sawa, nimeacha inchi mbili na nusu.

Kijana juzi alikuja akakaa pembeni yangu hajalala, akaniambia baba nipe na mimi. Nimempa kitambaa na kifungo kikubwa cha koti, kakishona, fundo lilikuwa kubwa kuliko kifungo, lakini hakijatoka mpaka leo.

Cherehani imelainika na mafuta, mkanda nimeukata, niko kwenye karatasi siku ya nne. Swali kwa fundi, mistari nafuata vizuri ila kila nikianza kukanyaga gurudumu linarudi nyuma kwanza ndio linakwenda. Nafanyaje?


FundiKaki:

Usianze na miguu. Weka mkono wa kulia juu ya gurudumu, livute kuja kwako, likishaanza kwenda ndio miguu ifuate, mguu mmoja uwe mbele kidogo ya mwingine na ukanyage kwa kisigino na vidole kwa zamu, usisukume vyote pamoja. Kusimamisha pia ni kwa mkono, lishike gurudumu taratibu. Fanya bila kitambaa, anza simama anza simama, mara hamsini kwa usiku. Na huyo kijana siku nyingine mwambie uzi aukate kwa mkasi ukiwa mshazari, asiung'ate, utapita kwenye tundu la sindano bila kulambwa.